Vermuti nyekundu ya Kiitaliano: chupa ya pili haina ladha ya ile ya kwanza. Tatizo ni nini?

#1 Chungwa la Muheza

Wakuu, habari za jioni.

Mwaka juzi mwezi wa saba rafiki yangu alirudi kutoka Italia akaniletea chupa ya vermuti nyekundu, ile divai tamu yenye viungo. Tulikaa barazani, mimi, mke wangu na shemeji, tukainywa na barafu na kipande cha chungwa. Ilikuwa na harufu ya mdalasini, maganda ya chungwa na kitu kama mizizi ya dawa. Inaingia tamu, halafu uchungu unakuja taratibu na kukaa nyuma ya ulimi. Chupa haikufika wiki.

Desemba iliyopita nikaona chupa ya lita moja dukani hapa Dar, nikainunua bila kujiuliza mara mbili. Siku ya kwanza ilikuwa nzuri, ingawa si kama ile. Nikaiweka kabatini pamoja na wiski, nikawa namimina toti mojamoja wageni wakija. Juzi nimeionja tena, ni maji ya sukari. Rangi imeelekea kahawia, inanuka zabibu kavu zilizolala, na ule uchungu niliokuwa nautafuta haupo kabisa.

Dai langu ni kwamba siku hizi wanatuletea vitu vilivyochakachuliwa. Kama nimekosea nielewesheni. Na wajuzi mtuambie ipi ya kununua na inanywewa vipi. Chapa ya hiyo chupa sitaitaja, sina ushahidi.

#2 Jicho la Tatu

Imechakachuliwa hiyo, wala usihangaike. Uliangalia stempu ya TRA kwenye kifuniko? Chupa tupu za vinywaji vya nje zina soko lake mjini.

#3 Mkaazi wa Ngara

Niko hapa Nairobi, naweka kambi. Hata mimi hii kitu naipenda lakini naichagua kwa kubahatisha. Naona tu zile zimeandikwa Rosso, yaani nyekundu, nabeba.

#4 Kaunta Masaki

Mleta uzi, kabla hatujamkamata mtu: chupa umeifungua Desemba, leo ni mwezi wa nne, na muda wote imekaa kabatini nje ya friji kwenye joto la Dar?

#5 Chungwa la Muheza

#4 Ndiyo mkuu. Si pombe? Wiski yangu ina miaka mitatu humo humo kabatini na haijabadilika.

#6 Kaunta Masaki

Hapo ndipo wengi tunapoanguka. Nimekaa kaunta miaka 11, na chupa za vermuti zilizokufa nimezimwaga nyingi.

Wiski ina asilimia 40 ya pombe, ukishaifungua inaweza kukaa. Vermuti ni divai. Imeongezewa pombe kidogo na viungo, lakini bado ni divai, nyingi zikiwa asilimia 15 hadi 18 hivi. Ukifungua kifuniko hewa imeingia na kazi imeanza. Kinachoondoka kwanza ni harufu za juu, yaani maganda ya chungwa na majani, halafu uchungu unapoteza makali. Sukari haiendi popote. Ndiyo maana wewe umebaki na maji ya sukari.

Kwetu tunafanya hivi: siku ya kufungua tunaandika tarehe kwenye chupa, inaingia friji, na tunaitumia ndani ya mwezi mmoja, ikizidi sana miwili. Bila friji, kwa joto letu, mimi wiki mbili tu naanza kuionja kabla ya kumpa mteja.

Ukitaka kuhakikisha, chukua sahani nyeupe. Mimina kijiko kimoja cha chupa ya zamani upande huu na kijiko cha chupa mpya upande wa pili. Ile mpya inang'aa wekundu wa shaba. Ya zamani inafifia na kuwa kahawia kama chai iliyolala kwenye birika. Halafu inuse, pua ikiwa karibu kabisa na sahani. Utajua mwenyewe.

#7 Jicho la Tatu

#6 Sawa, hewa imekula hii ya pili. Lakini mleta uzi kasema hata siku ya kwanza haikuwa kama ile ya Italia. Hilo nalo ni hewa?

#8 Mamu wa Torino

Wapendwa, hamjambo. Naishi Torino, huku Italia, mwaka wa tisa sasa, na huu mji ndiko vermuti hii ilikozaliwa, kwa hiyo mniruhusu niandike kidogo.

Hapa watu wanaandika *vermut*, kwenye lebo nyingi utakuta *vermouth*. Jina limetoka kwenye neno la Kijerumani Wermut, mmea mchungu ambao sisi tunauita pakanga. Masimulizi ya hapa yanaanza na kijana Antonio Benedetto Carpano, ambaye mwaka 1786 alianza kuuza divai yake ya viungo kwenye duka chini ya matao ya Piazza Castello, katikati ya mji. Nikienda sokoni napita chini ya matao hayo hayo. Ukisimama pale jioni ya baridi unaona kwa nini watu walitaka kitu kitamu chenye moto kidogo ndani.

Wengine walikuwa kwenye biashara ya vinywaji hata kabla yake. Familia ya Cinzano inahesabu tangu 1757, hapa hapa Torino. Martini wakaja baadaye, 1863, na makao yao yapo Pessione, mwendo mfupi kutoka mjini. Pale kuna makumbusho ya historia ya divai yaliyofunguliwa 1961. Nilikwenda na wanangu. Wana sehemu ya kunusa viungo kimoja kimoja, na mwanangu mdogo alikataa kuondoka kwenye iliki, anasema inanuka nyumbani kwa bibi.

Mleta uzi, ile chupa ya kwanza lebo iliandikwaje? Hilo ni muhimu kuliko stempu. Vermuti nyekundu si kitu kimoja, zinatofautiana kama pilau ya nyumba hii na ya nyumba ile.

#9 Mkaazi wa Ngara

#8 Asante sana dada. Sasa zinatofautiana kwa zabibu ama kwa viungo? Mimi nilidhani wekundu ni wa zabibu nyekundu, na ndiyo maana nyingine ni nzito na nyingine nyepesi.

#10 Mamu wa Torino

#9 Watu wengi wanadhani hivyo, hata wa hapa. Vermuti nyingi nyekundu zinatengenezwa kwa divai NYEUPE. Wekundu ule unatokana zaidi na sukari iliyounguzwa. Carpano mwenyewe inasimuliwa alitumia divai ya zabibu za Moscato, ambazo ni nyeupe na zina harufu ya maua.

#11 Zabibu Dodoma

#10 Dada yangu, hapo nipunguzie. Mimi ni mkulima wa zabibu na nimeonja vermuti ya divai nyekundu kabisa, mgeni alikuja nayo shambani. Ina ule ukakasi wa ganda la zabibu, unakausha fizi. Ukakasi ule huupati kwenye sukari iliyounguzwa.

#12 Mamu wa Torino

#11 Uko sahihi kaka. Nimesema nyingi, sikusema zote. Wapo wanaotumia divai nyekundu za huku Piemonte, mkoa wetu, na ukakasi huo ndio alama yake. Ila zile kubwa zinazofika Dar na Nairobi, msingi wake ni divai nyeupe.

#13 Mzee wa Usambara

Nimefurahi kuona pakanga imetajwa. Kwetu milimani bibi alikuwa anaichemsha kwa kifua na homa, na sisi watoto tulikuwa tunakimbia tukiona sufuria. Wakristo humu wanaijua pia, kwenye Ufunuo kuna nyota iitwayo Pakanga iliyoyafanya maji kuwa machungu. Sasa kumbe Waitaliano wameitia kwenye divai wakaiwekea sukari! Ni ile ile ya dawa ya malaria?

#14 Nesi wa Zamu

#13 Shikamoo mzee. Hapana, ni ndugu lakini si ile ile. Dawa ya malaria inatokana na *Artemisia annua*. Pakanga ya milimani kwetu ni *Artemisia afra*. Wanazotumia kwenye vermuti ni hasa *Artemisia absinthium* na *Artemisia pontica*. Ukoo mmoja, tabia tofauti. Na naomba mtu asijaribu kuloweka pakanga ya shambani kwenye divai akanywa. Mimea hii ina kemikali ambayo ikizidi inaleta degedege, na viwanda vina viwango vya kisheria vya kuidhibiti.

#15 Mzee wa Usambara

#14 Marahaba mwanangu. Nilikuwa nimeshaanza kuangalia kichaka kilichopo nyuma ya nyumba. Nimekiacha.

#16 Kaunta Masaki

Hahaha mzee wangu, umeokolewa na zamu.

Nirudi kwa mleta uzi kwenye suala la kuchagua. Hivi ndivyo ninavyowaeleza wateja, kwa ulimi wangu mwenyewe, na mwingine anaweza kupinga.

Martini Rosso na Cinzano Rosso ndizo rahisi kupatikana huku. Ni nyepesi, tamu, zina viungo vya kutosha bila kukusumbua. Kwa barafu na chungwa, au kwa maji ya soda, zinatosha kabisa, na chupa ikiwa mbichi wala sioni haja ya kuzionea aibu.

Carpano Antica Formula ni nzito, vanila inakupokea mlangoni. Kwenye Manhattan, yaani wiski na vermuti na matone ya angostura, ile dawa chungu ya viungo ya kokteili, inakaa vizuri sana. Ila ukiinywa yenyewe glasi mbili utachoka, ni kama kula keki mbili.

Punt e Mes ndiyo ya wapenda uchungu. Jina ni la lugha ya Piemonte, maana yake pointi na nusu: pointi moja ya utamu, nusu ya uchungu. Inasimuliwa kwamba mwaka 1870 dalali wa soko la hisa, akiwa bado na hesabu za siku kichwani, aliagiza kinywaji chake kwa maneno hayo.

Cocchi Storico iko katikati. Ina machungwa machungu, mkwinini kwa mbali, na mwili wa kutosha. Nikiambiwa nibaki na moja tu, nitabaki na hiyo. Lakini kuipata Dar mpaka uwe na mtu.

Mleta uzi, wewe unasema ulipenda ule uchungu uliobaki nyuma ya ulimi. Nadhani hukuletewa moja ya zile nyepesi.

#17 Jicho la Tatu

#16 Nimekuelewa mkuu, lakini mimi bado sijaacha dai langu. Mwaka jana nilinunua chupa sehemu moja, sitaitaja, kifuniko kilizunguka bila kukatika pete. Nikairudisha siku hiyo hiyo. Kabla ya kulaumu hewa na kabati, shika kifuniko uone pete imekatika mbele yako.

#18 Kaunta Masaki

#17 Hilo naliunga mkono. Na uangalie usawa wa kinywaji shingoni, chupa mbili za shehena moja zilingane.

#19 Mkaazi wa Ngara

Na jua je? Kuna duka huku kwetu chupa zimepangwa dirishani, jua la mchana linazipiga kila siku. Hata kama hazijafunguliwa, zitabaki sawa?

#20 Mamu wa Torino

#19 Hazibaki sawa. Joto na mwanga vinaila hata ikiwa imefungwa, taratibu tu. Hii nayo inaweza kuwa sababu ya chupa ya mleta uzi kutokuwa nzuri siku ya kwanza. Imesafiri kwa kontena, ikakaa bandarini, ikakaa stoo, ikakaa dirishani. Nunua ile ya nyuma ya rafu, kwenye kivuli, kwenye duka linalouza haraka.

#21 Binti Pemba

Assalaam aleikum. Mimi situmii kilevi, nimeingia kwa sababu ya viungo. Mdalasini na iliki mmevitaja, je, karafuu nayo haimo? Na karafuu si yetu? Naona fahari kidogo kama Torino wanakunywa Pemba bila kujua.

#22 Mkaazi wa Ngara

#21 Lazima itakuwa ya Zanzibar. Karafuu ya dunia ilitoka wapi kwingine? Tangu huyo Carpano anaanza walikuwa wananunua kwenu.

#23 Binti Pemba

#22 Hapo kaka umenipa sifa isiyo yangu, wacha niirudishe. Mikarafuu ilifika Unguja na Pemba mwanzoni mwa karne ya 19. Mwaka 1786 hatukuwa na shamba hata moja. Karafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia ya leo. Baadaye ndiyo sisi tukawa wakubwa wa dunia. Kwa hiyo ikiwa Torino waliwahi kutumia ya kwetu, ni baada ya Carpano.

Na vanila hivyo hivyo. Asili yake Meksiko, na nje ya huko ua lake halikuzaa matunda ya maana mpaka 1841, kwenye kisiwa cha Réunion. Kijana mtumwa wa miaka 12, Edmond Albius, aligundua namna ya kulichavusha kwa mkono kwa kijiti. Mpaka leo Madagaska na Uganda wanafanya kwa mkono, ua moja moja, na ua linafunguka siku moja tu. Nimeona mtu kasema vanila inampokea mlangoni, nikaona nimtaje huyo mtoto, kwa sababu hatajwi.

#24 Zabibu Dodoma

#23 Waaleikum salaam dada. Bandiko zuri kuliko yote humu. Asante.

#25 Kaunta Masaki

#23 Nimelisoma mara mbili. Kesho nitawaeleza vijana wangu wa kaunta.

#26 Mamu wa Torino

Nimeulizwa inboksi huku wanakunywaje, nijibu hapa kila mtu aone.

Ni kinywaji cha kabla ya chakula cha jioni. Kuanzia saa kumi na mbili, saa moja, watu wanatoka kazini wanapita baa. Glasi fupi, barafu kubwa, vermuti kiasi cha mililita 60 au 75, ganda la limau au kipande cha chungwa, ukitaka tone la maji ya soda. Pembeni zeituni, viazi vya kukaanga vyembamba, na huku Piemonte dagaa wa chumvi kwenye mchuzi wa majani ya kijani. Chumvi ya dagaa ikikutana na utamu wa vermuti, basi. Nyumbani mimi natumia korosho zilizokaangwa na chumvi na pilipili kidogo. Mume wangu Mtorino alishangaa mwanzo, sasa anadai korosho kila Ijumaa.

Glasi moja, mazungumzo, halafu watu wanakwenda kula. Sijaona mtu hapa akiiweka mezani na kuimaliza chupa.

Na kuhusu lebo: ukiona *Vermouth di Torino*, jina hilo linalindwa na sheria ya Italia tangu 2017. Lazima itengenezwe Piemonte, kwa divai ya Italia, na pakanga yake iwe imetoka Piemonte, pombe kati ya asilimia 16 na 22. Ikiandikwa Superiore, pombe ianzie asilimia 17 na angalau nusu ya divai iwe ya Piemonte. Isiyo na maneno hayo si mbaya. Inafuata tu kanuni ya jumla ya Ulaya: divai isipungue asilimia 75 ya kilichomo, pakanga ya aina fulani iwemo, pombe isipungue asilimia 14.5. Na neno tamu kwenye kanuni hiyo si la mdomo tu, maana yake sukari kuanzia gramu 130 kwa lita.

#27 Nesi wa Zamu

#26 Gramu 130! Asante kwa kuitaja. Wenye kisukari wasikie. Chupa ya gramu 150 kwa lita, toti ya mililita 50 inabeba gramu saba na nusu, karibu vijiko viwili vya chai vya sukari. Ukinywa tatu umekunywa vijiko sita bila kuhesabu pombe yenyewe. Mama mjamzito asiguse, na dereva aache kwanza funguo.

#28 Mkaazi wa Ngara

Na Negroni? Huku Nairobi baa nyingi wanaitengeneza. Nilisoma ni ya mtu mmoja anaitwa Count Camillo Negroni, Florence, 1919. Aliomba Americano yake iwe kali, wakatoa soda wakatia gin.

#29 Kaunta Masaki

#28 Hayo ndiyo masimulizi yanayojulikana zaidi, ila wapo wanaoyapinga na wana mtu wao mwingine. Mimi nashughulika na kipimo: gin mililita 30, Campari (ile pombe nyekundu chungu ya Kiitaliano) 30, vermuti nyekundu tamu 30, barafu, chungwa. Basi. Ukiwa na vermuti iliyokufa, Negroni inakuwa Campari na gin zinazogombana, kwa sababu ile ya kuzipatanisha haipo.

Asiyetaka ukali aanze na Americano: Campari, vermuti, maji ya soda. Kwa joto letu mimi naona hii ndiyo yenyewe.

Na jambo moja linanipa kazi kila wiki. Mtu akiniagiza martini, namuuliza: ya chupa au ya glasi? Ya chupa ni chapa, Rosso au Bianco (nyeupe), vermuti. Ya glasi ni kokteili ya gin na vermuti kavu kidogo sana, haina utamu hata chembe. Mtu anategemea tamu nyekundu anapewa kitu cheupe kinachochoma, ananikasirikia mimi.

#30 Mkaazi wa Ngara

#29 Hiyo ilinipata mwaka wangu wa kwanza kazini, mbele ya bosi. Nikanywa yote kwa heshima. Tangu siku hiyo nilirudi kwa dawa, vodka na asali na ndimu, mpaka mtu aliponionjesha Rosso.

#31 Zabibu Dodoma

Swali langu kwa wote. Sisi Dodoma tunavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo wenzetu wa Ulaya hawana. Tuna aina yetu ya Makutupora nyekundu. Viungo viko Tanga na visiwani, machungwa Muheza, pakanga milimani. Mwaka mbaya zabibu zinatuozea kwa kukosa mnunuzi. Kwa nini hatutengenezi divai ya viungo yetu? Nauliza kwa uchungu, nimeshamwaga mavuno kwa mikono yangu.

#32 Mzee wa Usambara

#31 Pole sana mwanangu. Soko la divai tamu lipo, watu wetu wanapenda tamu. Ila usiiite vermuti, ipe jina lake.

#33 Jicho la Tatu

#31 Kodi, chupa na vibali. Chupa tu peke yake itakumaliza.

#34 Nesi wa Zamu

#31 Na maabara ya kupima hiyo pakanga. Si kazi ya sufuria.

#35 Zabibu Dodoma

#33 #34 Nimewasikia. Nitafungua uzi wake, nisiharibu huu.

#36 Chungwa la Muheza

Wakuu nimerudi na ripoti. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nafanya kazi mliyonituma.

Jumamosi nimenunua chupa mpya, chapa ile ile, duka lingine, nimeitoa nyuma ya rafu. Pete ilikatika mkononi mwangu, stempu ipo. Nikafanya la sahani nyeupe kama Kaunta alivyosema. Ile ya Desemba ilikaa pale kahawia, mpya ikawa na ukingo mwekundu unaong'aa. Harufu wala hazifanani. Halafu nikamfunika shemeji macho kwa kitambaa, nikampa glasi mbili. Mpya aliitambua kabla haijafika mdomoni. Kwa hiyo suala la kabati nimekubali, kosa ni langu.

LAKINI. Mpya nayo si ile ya Italia. Ni nzuri, ina viungo, ila uchungu unakuja na kuondoka haraka. Nikatafuta picha za mwaka juzi kwenye simu ya mke wangu. Chupa inaonekana nusu, nyuma ya mkono wa shemeji. Kilichosomeka ni "di Torino" tu.

#37 Kaunta Masaki

#36 Nilijua! Haikuwa ya zile nyepesi. Lebo ina rangi gani?

#38 Chungwa la Muheza

#37 Picha ni ya usiku, taa ya baraza ni ya njano. Kila kitu njano.

#39 Mamu wa Torino

#36 Sasa tuna sababu nyingine: ni aina tofauti kabisa. Ila hata hapo siwezi kuapa. Kinywaji kilichotoka mji huu wiki hiyo hiyo kwenye begi la mtu, na kilichozunguka baharini miezi, hata viwe chapa moja vitatofautiana.

#40 Jicho la Tatu

#36 Heshima kwako kwa kupima badala ya kubishana. Suala la kuchakachua nimeliweka pembeni kwa chupa hii. Kwa nyingine sijaliweka.

#41 Chungwa la Muheza

Mke wangu amesoma uzi wote usiku wa jana na ana la kwake. Anasema sisi wanaume tumezungumza chupa tu. Mwaka juzi ilikuwa mwezi wa saba, mama alikuwa ametutumia gunia la machungwa kutoka Muheza. Yeye ndiye alikata. Anakumbuka alikamua ganda juu ya kila glasi mpaka mafuta yakarukia barafu, na mikono ikanuka chungwa hadi asubuhi. Desemba hadi leo mimi nimekuwa naweka kipande cha limau la kwenye friji, kimekauka pembeni.

Anasema ile harufu ninayoililia nusu yake ilikuwa ya chungwa la mama.

#42 Binti Pemba

#41 Mpe salamu zangu. Mimi naamini upande wake.

#43 Kaunta Masaki

#41 Mafuta ya ganda yanabadilisha kinywaji kizima, shemeji hajakosea. Ila uchungu wa nyuma ya ulimi hautoki kwenye mafuta ya ganda, unatoka kwenye mizizi na pakanga. Bado nasema aina ilikuwa nyingine.

#44 Mzee wa Usambara

Subirini msimu, mleta uzi apate gunia lingine, arudie kwa chupa hii aliyonayo. Ndipo tutajua.

#45 Kaunta Masaki

#44 Mzee, mpaka mwezi wa saba chupa iliyofunguliwa Jumamosi itakuwa imekufa. Anunue nyingine wakati huo, ndogo. Zipo za mililita 375 kwa baadhi ya aina. Na mimi nitamtafutia moja ya "di Torino" azilinganishe siku moja, chungwa moja.

#46 Chungwa la Muheza

#45 Nimekubali mkuu, asante. Nitalipia, niambie tu ikipatikana. Mama nimeshampigia, anasema maua yalikuwa mengi mwaka huu.

Hii ya sasa iko friji, rafu ya chini, nimeandika tarehe kwa kalamu kwenye lebo. Leo jioni tunaimalizia na korosho.